Dawa za kung'arisha taa za gari: ipi ununue, ipi uiache dukani

Malalamiko ni yaleyale kila mara. IST au Noah imesuguliwa taa za mbele, zikatakata, na kabla mwaka haujaisha zimerudi njano kuliko mwanzo. Lawama humwangukia fundi, eti hakusugua vya kutosha. Mara nyingi alisugua vizuri sana. Kilichokosekana ni kinga ya kupaka juu, na vifurushi vingi vinavyouzwa havina kinga hiyo kabisa.

Taa hizi tunaziita vioo, lakini ni plastiki ya polikaboneti, na plastiki hiyo haivumilii jua. Kiwandani hupakwa tabaka jembamba gumu la kuzuia mionzi ya UV. Tabaka likichoka, unjano unaanza, hasa sehemu ya juu inayopigwa na jua la mchana. Ukisugua unaondoa pia mabaki ya tabaka hilo, plastiki inabaki uchi. Kwa hiyo usimuulize muuzaji kama taa itang'aa, maana karibu kila kitu hung'arisha. Muulize ndani ya boksi kuna nini cha kupaka mwishoni.

Chaguo langu la kwanza ni kifurushi cha Sylvania, na sifichi. Boksi lina msasa namba 400, 1000 na 2000 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi), dawa ya kulainisha tabaka kuukuu, kompaundi ya kung'arishia, na chupa ndogo ya UV Block Clear Coat, yaani kinga yenyewe. Chupa hiyo ndiyo unayoilipia.

Zungushia taa tepu ya karatasi ili usikwaruze bodi. Anza na 400, maji yakimwagika muda wote. Mwanzoni yatashuka na unjano. Endelea hadi yashuke meupe. Kisha kausha taa, uitazame kwa ubavu. Ukiona visiwa vinavyong'aa katikati ya ukungu, hilo ni tabaka la kiwandani limebaki, na kinga mpya ikipita juu yake itabanduka kama ngozi iliyoungua. Rudi na 400. Ukihamia 1000 badilisha mwelekeo: kama 400 ilikwenda kwa ulalo, 1000 ipande na kushuka, uone mikwaruzo iliyosalia. Kazi nyingi huharibika hapa, kwa sababu mistari ya 400 hujificha taa ikiwa na maji na kujitokeza ikishapakwa. Maliza na 2000, kisha kompaundi. Kinga ipakwe taa ikiwa kavu na safi kabisa, kivulini, kwa mpigo mmoja kutoka ukingo hadi ukingo. Usirudie ulipopita, itaacha michirizi. Mvua isiiguse siku hiyo, kwa hiyo masika si wakati wake.

Ya pili ni klia, rangi isiyo na rangi inayochanganywa na hadena ya kuigandisha, ile ya fundi rangi. Hii ikipigwa sawasawa hudumu kuliko zote, lakini inategemea mkono wa fundi, ndiyo maana sikuiweka juu. Msasa uishie 800 au 1000 bila polishi, kwani uso uliolainika mno haushiki klia. Mkono wa kwanza uwe mwepesi, wa kunyunyizia tu. Thina ikizidi huing'ata polikaboneti na kuacha nyufa nyembamba zilizoingia ndani, na hizo huwezi kuzifuta kwa polishi. Hadena ina isosayaneti, kemikali hatari kuivuta: fundi avae barakoa yenye kichujio, kitambaa hakitoshi.

Kifurushi cha Cerakote kinafaa kwa unjano mwepesi. Pedi zake ni 2000 na 3000, haziwezi tabaka lililooza. Ongeza msasa wa 800 na 1000. Kinga yake iko kwenye vitambaa vilivyoloweshwa, basi bonyeza pakiti kabla ya kulipa. Ukihisi kitambaa kikavu, iache hapohapo.

3M ni ya drili na inakwenda haraka, ila soma boksi: lipo lenye Clear Coat na lisilo nayo. Usilipie la pili ukidhani ni la kwanza.

Dawa ya meno na tyubu za polishi tupu zitakupa mng'aro wa muda mfupi, basi. Kikombe cha mvuke, kile kinachochemsha kemikali ili mvuke wake upigwe kwenye taa, usikiguse: mvuke huo huyeyusha uso wa plastiki, na ni hatari kwa mapafu.

Kinachoudhi ni wauzaji wanaouza polishi tupu kwa jina la dawa ya kudumu, na mafundi wanaotoza kazi nzima huku hatua ya mwisho haimo. Mteja anaondoka taa zinameremeta, hana namna ya kujua kwamba ameuziwa nusu. Dai uone chupa ya kinga ikifunguliwa mbele yako.

Kabla ya kutoa hata shilingi, mwagia taa maji. Ukungu ukipotea wakati taa imelowa, uko nje na vifaa hivi vitaufaa. Usipopotea, uko ndani au plastiki imepasuka: angalia mipira ya kuziba nyuma ya balbu na vitundu vya kupumulia, maana hakuna msasa utakaofika huko.