Horchata ya Alboraia: kinywaji nilichokirudia mara tatu

Wiki tatu za kuzunguka Ulaya kwa treni zilinilisha vizuri. Pale Belém, Lisbon, nilikula pastel de nata (vikeki vidogo vya kastadi) nne kwa mkao mmoja, za moto, nimezinyunyizia mdalasini mwenyewe. Napoli nilipenda pizza ya marinara, ambayo haina jibini hata chembe: nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni, basi. Lakini kitu ambacho ningekilipia nauli tena ni horchata ya Valencia, Hispania.

Inatengenezwa kwa chufa, vijiazi vidogo vilivyokunjamana vya mmea wa jamii ya ndago. Ndiyo, ndugu wa yale magugu yanayowatesa wakulima! Chufa huvunwa kuanzia Novemba hivi hadi Januari, zikakaushwa kwa miezi kadhaa. Baadaye hulowekwa, husagwa na kukamuliwa tui, likachujwa, likatiwa sukari na kupozwa sana. Hakuna maziwa wala kilevi. Ukionja, unakutana kwanza na kitu kinachokaribia lozi, halafu nyuma yake inakuja harufu ya udongo ulionyeshewa mvua. Hiyo harufu ndiyo iliyoniteka.

Nilianza vibaya, lazima niseme. Siku ya kwanza nilinunua ya chupa katika supamaketi moja karibu na stesheni. Sukari tupu. Mke wangu alipiga funda moja akanirudishia chupa bila neno. Tungeishia hapo kama si mama aliyetupangisha chumba, ambaye alipoiona ile chupa mezani alitikisa kichwa na kutuandikia jina la mahali kwenye karatasi: Alboraia.

Ni mji mdogo unaopakana na Valencia upande wa kaskazini, unafika kwa metro namba 3. Nyumba zikiisha tu, mashamba ya chufa yanaanza. Tuliketi Horchatería Daniel, iliyopo tangu 1949, kwenye barabara ambayo yenyewe inaitwa Avenida de la Horchata. Utaulizwa unataka ipi: líquida ni ya majimaji, granizada ni ya barafu ya chengachenga, mixta ni zote mbili pamoja. Chukua mixta. Chengachenga zinayeyuka polepole na kinywaji kinabaki baridi hadi tone la mwisho, ila kikoroge, maana unga wake hutuama chini.

Na usinywe bila fartons. Ni vimkate virefu, vyembamba, laini kama sifongo, vimepakwa sukari juu, na umbo lake ni la kuchovya kwenye glasi. Chovya upesi na ule upesi, kikizidi kulowa kinakatikia ndani. Glasi mbili na fartons nne hazikutugharimu hata euro 20.

Kwa anayejihadhari na sukari, horchata ya kawaida ni tamu hasa, ila zipo sehemu zinazouza isiyotiwa sukari, kwa hiyo uliza kabla ya kuagiza. Na usijidanganye kubeba ile mbichi safarini, maana huharibika haraka.

Siku ya kuondoka treni yetu ilikuwa ya saa tisa alasiri. Saa tano asubuhi tulikuwa Alboraia tena, mabegi chini ya meza, na safari hii mke wangu ndiye aliyeagiza: mixta mbili, fartons sita.