Mashine ya kutafutia vyuma: ipi ununue kwa ufuo na nyumba za zamani Mombasa

Mashine yangu ya kwanza ilinitia haya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ufuo wa Jomo Kenyatta. Ilikuwa bamvua, maji yamepwa mpaka mashua zimelala ubavu. Kila nikishusha sahani, ile duara ya chini inayonusa chuma, kwenye mchanga mbichi inalia piii. Nikiiinua, kimya. Nilichimba mashimo kama kumi, yote yakatoa maji matupu. Muuza madafu aliyekuwa akinitazama akaniuliza kama nachimba kisima.

Maji ya chumvi hupitisha umeme, na mashine ya masafa mamoja, yaani inayotuma mawimbi ya frikwensi moja tu, huyasikia kana kwamba ni chuma. Mchanga mkavu haina neno, ila ikifika pale wimbi linapogusa inapagawa, na ukiipunguza nguvu ili inyamaze, pete iliyo kina cha kiganja hutaisikia tena. Mashine ya masafa mengi kwa mpigo hulinganisha majibu ya masafa hayo na kuitoa chumvi kwenye hesabu. Kwetu hapa, ambapo bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 na ufuo mzima unabaki na chumvi, hilo ndilo la kuuliza kwanza. Rangi, skrini na blututhi vitafuata.

Mpangilio wangu basi, kwa mtu anayetaka asubuhi aingie majini na jioni azunguke uani kwenye nyumba ya zamani, kwa mashine hiyohiyo.

Namba moja naipa Nokta Legend. Ina masafa mengi, inazama yote na kisanduku chake cha skrini na vitufe, na bei yake iko chini ya wenzake wa daraja hilo. Ukiweza chukua kifurushi chenye sahani mbili, kubwa ya inchi 11 na ndogo ya inchi 6. Hiyo ndogo utaishukuru ukifika kwenye nyumba.

Namba mbili ni Minelab Equinox 700 au 900. Kwa mchanga mbichi sijaona iliyotulia kuishinda, na inashuka hadi mita 5. Mpini wake wa nyuzi za kaboni ni mwepesi, mkono hauchoki. Bei ndiyo iliyoishusha. 900 huja na ile sahani ndogo pia, 700 huja na kubwa peke yake. Equinox 600 na 800 za zamani, zilizotoka 2018, ziko sokoni kwa mitumba. Zenyewe mwisho wake ni mita 3.

Namba tatu Minelab Vanquish 440. Hii ni ya mwenye mfuko mdogo lakini akili nyingi. Ina masafa mengi, kwa hivyo mchanga mbichi hauitishi, na inatumia betri za kawaida za kuuziwa kioski. Tatizo ni kwamba sahani tu ndiyo inayoingia majini. Maji ya magoti sawa, wimbi la kifuani likikupiga kisanduku kimekwenda.

Nne, Nokta Simplex Ultra. Inazama vizuri kabisa lakini ni masafa mamoja. Inafaa kwa mtu ambaye nyumba na mashamba ndiyo kazi yake, bahari ni ya Jumapili. Garrett ACE 300 naiweka mwisho: mashine nzuri ya kujifunzia nchi kavu, kisanduku hakitaki maji, na kwenye chumvi itakupa ule ule mchezo wa kisima.

Wapiga mbizi watauliza kuhusu mashine za mapigo, zinazotuma umeme kwa vipigo vifupi vifupi, kama Garrett Sea Hunter. Chumvi haizisumbui na zinashuka chini sana majini. Lakini haziwezi kukwambia hiki ni msumari na hiki ni dhahabu. Zinalia kwa vyote. Uwanjani kwa nyumba ya zamani utachimba mpaka ulie.

Na hapo ndipo watu wengi wanaponunua vibaya, kwa kuiwaza bahari pekee. Mwezi uliopita nilipewa ruhusa kwenye nyumba moja Likoni, ya mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Paa lake lilikuwa la makuti, halafu likaja la mabati, na kila fundi aliyeezeka aliacha misumari yake uani. Kwa sahani kubwa nilikuwa nasikia chuma mfululizo, maana chini yake palikuwa na misumari mitano kwa wakati mmoja. Nikafunga ile ndogo, nikaipitisha polepole kama anayepiga pasi. Kati ya milio miwili mibovu ikatoka mmoja mwembamba, safi. Mwiko ukatoa senti kumi ya tundu, ya 1952. Bi mwenye nyumba, ambaye asubuhi alikuwa ameniuliza "Mwanangu, hiyo si mashine ya mabomu?", akaifuta kwa ncha ya leso, akacheka: "Hii ndiyo tuliyokuwa tukinunulia mahamri." Nilimwachia. Ni uwanja wake.

Usiwe na tamaa ya kuzima sauti za takataka zote. Pete nyembamba ya dhahabu hulia karibu sawa na kile kipete cha kufungulia mkebe wa soda. Ukikizima kipete, umeizima na pete.

Mji wa Kale na Fort Jesus usipeleke mashine. Kwa sheria ya makumbusho ya 2006, kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 ni cha kale, na kukitafuta kunataka leseni. Ukikikuta kwa bahati, kipeleke Makumbusho.

Vya kuongeza: kifimbo cha kutafutia ndani ya shimo, mimi natumia Garrett Pro-Pointer AT, kinaingia majini. Chekeche la mpini mrefu mwambie fundi wa jua kali akuchomelee kwa chuma kisichoshika kutu. Langu limedumu kuliko la dukani. Vipokea sauti visivyo na waya havifanyi kazi chini ya maji, chukua vya waya visivyopitisha maji.

Ukiagiza nje, piga hesabu ya ushuru na VAT ya 16% kabla hujalipa. Ukinunua mtumba, mwambie muuzaji mkutane ufuoni. Washa, zamisha, pitisha sahani juu ya mchanga mbichi, kisha kagua mpira wa tundu la chaji. Akikataa kuja ufuoni, jibu umelipata.

Na ukirudi nyumbani isuuze kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, hata kama mfereji umekauka. Mtungi mmoja wa mkokoteni unatosha, na yanayobaki utaoga.