Kichujio cha mkaa wa vifuu vya nazi: harufu ndiyo, vumbi hapana

Nimekitumia kichujio hiki cha hewa ya chumbani vya kutosha, sasa naweza kukisemea. Ni boksi dogo lenye feni, na ndani yake droo ya punje nyeusi za mkaa wa vifuu vya nazi. Hakuna tabaka jingine lolote, na hapo ndipo penye mzozo wangu na muuzaji.

Kwa harufu, sina neno. Kabati lililopakwa rangi ya mafuta lilikuwa limetufukuza chumbani. Nikakiwasha, nikafunga mlango, na kulipokucha harufu ya thina ilikuwa ya kuitafuta kwa pua. Ya sigara nayo inapungua, ila inakawia zaidi.

Kazi yote inafanywa na matundu. Vifuu huchomwa kwa kunyimwa hewa hadi viwe mkaa, kisha hupitishiwa mvuke wenye joto la nyuzi 800 hadi 1000 hivi, nao hutoboa vijitundu ambavyo vingi havifiki nanomita 2. Gramu moja tu ya mkaa huo ina eneo la ndani la mita za mraba 1000 au hata zaidi, na gesi za rangi na gundi hunasa humo. Si ugunduzi wa juzi: mwaka 1918 Wamarekani walikusanya hadi kokwa za pichi ili wapate mkaa wa barakoa za kujikinga na gesi ya sumu vitani.

Sasa vumbi. Kwenye boksi wameandika kwamba kinaondoa "uchafu wote wa hewani". Si kweli. Niliweka kipimo cha PM2.5 (chembe laini za vumbi na moshi, zisizozidi mikromita 2.5) kando yake chumba kikiwa na moshi wa sigara; harufu ilipungua, lakini tarakimu zilishuka polepole vilevile kama kifaa kimezimwa. Chembe hizo zinajipitia katikati ya punje. Za kuzinasa ni karatasi ya HEPA, inayozuia asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye moto, nayo hainaswi na mkaa huu, kwa hiyo mwenye jiko la moto ndani asijipe moyo, afungue madirisha.

Kilichoniudhi zaidi ni droo kutojazwa. Ukiitikisa unazisikia punje zinacheza, na zikishatulia chini, hewa inajipitia kwenye pengo la juu bila kugusa kitu. Nimelijaza kwa punje za akiba (zioshe kwanza na uzikaushe, la sivyo vidole na ukuta vitakuwa vyeusi).

Wanashauri pia mkaa ukichoka uanikwe juani. Jua litakausha unyevu, basi. Viwandani mkaa huu hurudishiwa nguvu kwa joto la mamia ya nyuzi. Ukianza kusikia harufu ikitoka kwenye kifaa chenyewe, badilisha.

Nyota tatu. Ya nne ningeitoa kama wangeandika uzito wa mkaa uliomo, maana gramu mia na kilo nzima haziwezi kudumu sawa.