TAHADHARI: Matairi ya matope yanayouzwa kama mapya kumbe yamezeeka stoo

Wenye fowili (magari ya 4x4), kuna muuzaji anazunguka mitandaoni na seti za matairi ya matope. Anayatangaza kuwa mapya kabisa, kwa bei ya kutupa. Usimtumie hela kabla hujasoma hapa.

Matairi yake huja yameshafungwa kwenye rimu. Anasema anakupunguzia gharama za fundi. Kumbe tarehe kamili ya kutengenezwa mara nyingi huwa kwenye ubavu mmoja tu wa tairi, na ubavu huo ameugeuzia ndani. Wa nje umepakwa dawa, unang'aa, na vile vinywele vya mpira bado vipo. Hata mzoefu anaweza kuingia mkenge.

Mwenzetu aliyenunua kwake alipunguza upepo kabla ya kuingia mchangani, kama tunavyofanya sote. Tairi la nyuma likapasuka ubavuni. Tulipolishusha na kuligeuza, tukakuta nyufa nyembamba zimezunguka ubavu mzima, na mwishoni mwa msimbo wa DOT (ile safu ya herufi na namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi ikianza na DOT) imeandikwa 3511, yaani wiki ya 35 ya mwaka 2011. Meno hayajalika hata kidogo! Mpira huzeeka hata tairi lisipotembea, na upepo ukiwa mdogo ubavu hujikunja zaidi na kupata joto. Namshukuru Mungu hakuwa kwenye lami na mwendo mkali, familia imo ndani.

Mwambie muuzaji yeyote akupe picha ya tarakimu hizo 4 kwa kila tairi, pamoja na la akiba, maana muuzaji wa aina hii akibanwa huchanganya matatu mazuri na moja bovu. Ukikuta tarakimu 3 tu, hilo ni la kabla ya 2000. Pakiwa pamekwanguliwa, ondoka. Watengenezaji wengi wa matairi wanataka tairi litolewe likifikisha miaka 10 tangu litengenezwe, hata meno yakiwa yamejaa; baadhi ya watengenezaji wa magari wanasema 6.

Huyu ukimwomba picha ya upande wa ndani anakuwa mkali, anakuambia kuna mteja mwingine yuko njiani, tuma nusu akushikie. Ukishatuma, hapokei simu.

Kama tayari umefunga matairi yake, ingia chini ya gari na tochi leo hii, usome tarehe kabla ya safari yoyote. Na zile meseji zenu usizifute, utazihitaji polisi.