Darasa la jioni la Kiingereza Bagamoyo: nimeelewa lini ni "good", lini ni "well"

Mimi naongoza watalii hapa Bagamoyo, mwaka wa 6 sasa. Nawapeleka Kaole kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yake, kisha tunarudi mjini kwa njia ya mnada wa samaki. Pale mnadani niliwahi kumwambia bibi mmoja wa Uingereza, "Our fishermen work hardly." Nilikusudia kwamba wavuvi wetu wanajituma. Akaniuliza kwa upole kama siku hizi baharini hakuna samaki. Sikumwelewa, nikaendelea na maelezo yangu.

Nimemwelewa mwezi uliopita, kwenye darasa hili. "Hard" haiguswi: "hard work" ni kazi ngumu, na "work hard" ni kufanya kazi kwa bidii. Ukiibandika "ly" maana inageuka kabisa, inakuwa kama kusema hawafanyi kazi. Baba yangu alikuwa mvuvi, akitoka na ngalawa saa tisa usiku. Iliniuma sana.

Nilishasoma kwingine kabla, ada kubwa, viti vya maana. Tulikaririshwa tu kwamba kivumishi kinaeleza jina, kielezi kinaeleza kitendo, na ukitaka kielezi weka "ly". Basi. Hakuna aliyetwambia kwamba "friendly" ni kivumishi pamoja na "ly" yake, wala kwamba "fast" ni hiyo hiyo kotekote.

Mwalimu wa hapa, mama mstaafu, anaanzia kwenye Kiswahili chetu. Aliandika ubaoni "Samaki ananukia vizuri", akataka tafsiri. Darasa zima tukajibu, "The fish smells well."

"Wanangu, huyo samaki yuko sahanini, ananusa nini?"

Hapo nikafunguka: "smells well" inasomeka kama ananusa vizuri. Sisi "vizuri" tunaifuatisha kitenzi bila wasiwasi, lakini Mwingereza hapo hasemi samaki kafanya nini, anasema samaki yukoje. Kwa hiyo "smells good". Halafu akatuhamishia mnadani: mchuuzi anafunua shavu la samaki aina ya changu, anainama, ananusa. "The buyer smells the fish carefully." Huyo anatenda, apewe kielezi. Changu mwenyewe "smells fresh". Kipimo chake ni kutoa kitenzi na kuweka "is". "The fish is fresh" inasimama, "the buyer is carefully" haisimami. Kipimo hicho nakitumia kwa "look", "taste", "feel" na "sound", na hakijaniangusha.

Kasoro zipo. Mabenchi ni manne na tunabanana, na umeme ukikatika tunasoma kwa tochi za simu. Saa moja na nusu ni ndogo mno: ile "I am well" ya kusema mimi mzima, ambapo "well" inageuka kivumishi, aliipitia mbiombio kwenye kujumlisha kipindi, na wenzangu wawili waliondoka wamechanganyikiwa. Kopi hazitolewi, unanakili mwenyewe.

Ada ni 2,000 kwa kipindi, unalipa ukiingia, na ukikosa siku hudaiwi. Kwa bei hiyo sijaona pa kulinganisha. Wahudumu wa hoteli na bodaboda tumejaa, kwa hiyo fika kabla ya saa kumi na mbili ukae benchi la mbele, maana nyuma chaki haisomeki.