Mboga juu ya paa au kwenye viroba uani, ipi bora kwa Dodoma?

Hili swali haliishi, haswa sasa watu wanavyopandisha maghorofa huku Dom. Kwa gharama kiroba kinashinda mbali, unajaza udongo na samadi, katikati unasimamisha nguzo ya kokoto ili maji yafike hadi chini, unatoboa pembeni unapachika miche ya chainizi, basi. Ila jua letu linakula viroba jamani, changu cha kwanza nilikishika tu kikachanika kama karatasi, udongo wote chini!

Paa la zege lina jua la kutosha na mbuzi hawafiki, lakini uzito sasa, udongo wa sentimita 20 ukilowa ni kama kilo 300 na zaidi kwa mita moja ya mraba, slabu nyingi za nyumba za kawaida hazikupigiwa hesabu hiyo, muulize injinia kwanza. Halafu upepo wa Julai kule juu unakausha mchicha mpaka unaumia roho.

Maji ni shida kote, mvua zikikata Aprili ni ndoo mpaka Desemba.

Umepanga? Viroba, ukihama unahama navyo. Ndo unachora ramani ya kujenga? Weka bustani ya paa humo humo kwenye mchoro.