Tathmini ya WISN: Kukokotoa Ikama ya Wauguzi kwa Mzigo wa Kazi

WISN (Workload Indicators of Staffing Need) ni mbinu ya Shirika la Afya Duniani yenye programu inayotolewa bila malipo, na mwongozo wake wa mwaka 1998 uliandikwa upya mwaka 2010. Hukokotoa ikama, yaani idadi ya watumishi wanaohitajika, kutokana na kazi iliyopo, si kutokana na idadi ya vitanda au wakazi. Nimeitumia kuandaa ikama ya wauguzi katika hospitali moja ya wilaya mkoani Dodoma, na ninaipendekeza kwa sharti moja.

Uzuri wake ni kwamba kila hatua ya hesabu inaonekana. Huanza na muda ambao muuguzi mmoja yupo kazini kwa mwaka, baada ya kuondoa likizo, sikukuu, ugonjwa na mafunzo. Kisha kila kazi hupangiwa muda wake, na wingi wa kazi huchukuliwa katika takwimu za mwaka uliopita. Kazi zisizo na takwimu, kama kukabidhiana zamu, huingia kwa kizidisho: zikila asilimia 20 ya muda wa kila muuguzi, hesabu huzidishwa kwa 1.25, na wauguzi 16 wanakuwa 20. Mwisho hutolewa uwiano wa waliopo kwa wanaohitajika, na ukiwa chini ya 1 kuna upungufu. Mwajiri aliyezoea kuambiwa "tumeelemewa" sasa anawekewa mezani hesabu anayoweza kuikagua.

Sharti langu ni takwimu. Katika wodi ya wazazi, mama mwenye kifafa cha mimba aliyeanzishiwa magnesiamu salfeti lazima afuatiliwe kwa karibu, upumuaji, mkojo na mwitikio wa goti, hivyo karibu zamu nzima ya muuguzi mmoja inaishia kwake. Kwenye rejista ya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, naye ni mstari mmoja, sawa na aliyejifungua salama. Ukiwaweka kundi moja, kazi hiyo inamezwa na wastani. Programu inaruhusu kuwatenga na kuwapangia muda wao, mradi uwe umewahesabu. Muda huo nao upangwe na wauguzi wa wodini, kwa sababu ofisini kila mshipa hupatikana kwa mchomo wa kwanza.

WISN haipangi zamu. Hiyo inabaki kazi ya muuguzi mfawidhi. Wala haitoi kibali cha ajira, ambacho hutoka Ofisi ya Rais, Utumishi. Ila maombi yanayokwenda huko yakiwa na hesabu hii, ni vigumu zaidi kuyajibu kwa "subirini".